Tokeni ya Kuhuishia: Istilahi za Utambulisho na Idhini katika Programu za Intaneti

Wareno walipoiteka Kilwa Kisiwani mwaka 1505, walikuwa wamekwisha kuanza kuvilazimisha vyombo vya Bahari ya Hindi kuchukua hati ya kupita iitwayo cartaz. Neno hilo limetokana na Kiarabu qirtas, ambalo ndilo asili ya karatasi katika Kiswahili. Hati ilitaja chombo, nahodha wake na bandari ya safari. Chombo kisichokuwa nayo kiliweza kutekwa. Wareno waliondoka Kilwa mwaka 1512, lakini maswali mawili yaliyokuwamo katika hati ile yangali yakiwatatiza watungaji wa istilahi hata leo: ni nani huyu, na ameruhusiwa nini?

Maswali hayo huulizwa kila mara programu ya mteja iombapo habari kwa seva. La kwanza ni la utambulisho, la pili ni la idhini. Kanuni za HTTP hutenga majibu mawili. Jibu 401 lamaanisha kwamba mwombaji hakutambulikana. Jibu 403 lamaanisha kwamba ombi limefahamika, ila limekataliwa. Hapa pana mtego wa tafsiri, maana jina la Kiingereza la 401 lasema "pasipo idhini", ingawa kazi yake ni ya utambulisho. Mfasiri afuataye jina badala ya kazi atampoteza mwandishi wa programu, naye ataomba tokeni mpya mahali ambapo haitamfaa kitu.

Tokeni ni hati ambayo seva huitoa baada ya kumtambua mteja, ili siri yake isipelekwe katika kila ombi. Kwa kuwa mwizi wake aweza kuitumia kama mwenyewe, hupewa uhai mfupi. Mtambo wa Daraja wa Safaricom, nchini Kenya, hutoa tokeni ya sekunde 3599, yaani saa moja kasoro sekunde moja. Ikiisha, mteja hurudi na ufunguo na siri yake kuomba nyingine. Utaratibu wa OAuth 2.0, uliotangazwa mwaka 2012, waruhusu njia nyingine pia: pamoja na tokeni ya kuingilia, mteja aweza kupewa ya pili, yenye kudumu zaidi, ambayo haifungui habari yo yote bali hutumiwa kupatia tokeni mpya ya kuingilia.

Jina lijalo upesi kwa hiyo ya pili ni "tokeni ya kuhuisha", lakini lina shaka ndani yake. Maji ya kunywa ni yale yanywewayo. Kikombe cha kunywea ndicho chombo. Vivyo hivyo tokeni ya kuhuisha yaweza kufahamika kuwa ile ihuishwayo, yaani iliyokwisha kufa, na asomaye hivyo ataipelekea seva tokeni isiyofaa. Kauli ya kutendea yaondoa shaka: tokeni ya kuhuishia haiwezi kuwa ila chombo.

Kwa istilahi hizo kazi ya mteja yaelezeka kwa maneno machache. Aiweke tokeni pamoja na saa ya mwisho wake, na aombe mpya kabla saa hiyo haijafika. Akijibiwa 401, ahuishe mara moja na kurudia ombi mara moja tu. Akikataliwa tena, amtake mtumiaji aingie upya. Akijibiwa 403, asihuishe. Maombi mengi yakikuta kwa pamoja kwamba tokeni imekufa, moja tu liende kuhuisha na mengine yangoje. Kwani baadhi ya seva hubadilisha hata tokeni ya kuhuishia kila itumiwapo, na ile ya zamani ikirudi huhesabiwa kuwa imeibwa, mteja akafungiwa mlango.

Makosa hayo huanzia katika maana kabla ya kufika katika mtambo. Mwandishi wa programu wa Kilwa Masoko au Lindi, asomaye maelezo kwa Kiswahili, hana budi kupata neno moja kwa kazi moja: kutambulisha, kuidhinisha, kuingilia, kuhuishia.