Fahamu: Sheria na hatari za kufyatua risasi ukiwa botini

Eldoret iko mbali na bahari, lakini kiwanda chake cha risasi, kilichoanza uzalishaji katika miaka ya 1990, kinaufanya mji huo kuwa mahali panapofaa kuuliza risasi huenda wapi inapofyatuliwa juu ya maji. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, humtaka mtu anayemiliki bunduki au risasi awe na cheti, na kuingia botini hakumwondolei sharti hilo. Uwindaji wa burudani nao ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ikaufanya kosa la jinai, hivyo anayedai kwamba anawinda tu hana pa kujificha.

Hata hivyo, hatari kubwa zaidi imo katika maji yenyewe, kwa kuwa risasi inayoyagusa kwa pembe ndogo haizami bali hudunda, yaani huruka upya ikiwa imebadili mwelekeo, kama kijiwe bapa kilichorushwa ziwani. Risasi ya bunduki ya kivita yenye kipenyo cha milimita 7.62 huweza kufika zaidi ya kilomita 3, na katika Ziwa Victoria umbali huo mara nyingi una mitumbwi ya wavuvi. Zaidi ya hayo, wimbi huyumbisha shabaha, na teke la bunduki, yaani msukumo wake wa nyuma, humyumbisha mfyatuaji aliyesimama katika mtumbwi mwembamba.

Meli za mizigo zenye walinzi wenye silaha ni suala jingine: Machi 2010 walinzi binafsi wa meli ya MV Almezaan walimuua mtu aliyeshukiwa kuwa haramia karibu na Somalia.