Chumba cha Giza Katika Nchi ya Joto: Makosa ya Kusafisha Picha Nyumbani Kibaha na Kisarawe

Kusafisha picha kwa dawa ni kazi yenye hatua chache zisizobadilika, na kila hatua ina namna yake ya kuharibika. Filamu ni ukanda wa plastiki uliopakwa utando wa jelatini wenye chembe za chumvi za madini ya fedha; mwanga unapozigusa chembe hizo ndani ya kamera huacha alama isiyoonekana kwa macho, na alama hiyo hujitokeza pale filamu inapotiwa kwenye divelopa, yaani dawa inayozigeuza chembe zilizopata mwanga kuwa fedha halisi yenye rangi nyeusi. Baada ya hapo filamu hupitishwa kwenye maji yenye asidi hafifu ili kazi ya divelopa isimame, kisha hutiwa kwenye fiksa, dawa inayoyeyusha na kuondoa chembe ambazo hazikupata mwanga, na mwishowe huoshwa na kuanikwa. Kinachopatikana ni negativu, na kutoka kwenye negativu hiyo picha huchapwa juu ya karatasi kwa kufuata hatua hizohizo kwa mara ya pili.

Tangu studio za mitaani zihamie kwenye kamera za dijitali, anayetaka kuifanya kazi hii Kibaha au Kisarawe huifanya nyumbani, mara nyingi bafuni au katika stoo iliyozibwa madirisha, akiongozwa na maelekezo yaliyochapwa kwenye pakiti ya dawa. Maelekezo hayo ni sahihi, lakini yameandikwa kwa kudhani kwamba dawa ya msomaji ina nyuzi joto 20 na kwamba maji yake ya bomba ni baridi, safi na hayakatiki. Katika Mkoa wa Pwani hakuna hata kimoja kati ya hayo kinachoweza kutegemewa, na makosa mengi yanayodhaniwa kuwa uzembe wa msafishaji chanzo chake ni kufuata neno kwa neno maelekezo ya nchi za baridi.

Joto ndilo la kwanza. Maji yaliyoshinda juani ndani ya tangi jeusi la plastiki juu ya mnara huweza kupita nyuzi 28 katika miezi ya Desemba hadi Machi, na dawa iliyokorogwa kwa maji hayo hufanya kazi kwa kasi kubwa kuliko inavyoonyeshwa kwenye jedwali. Filamu ya HP5 Plus ya Ilford, kwa mfano, hupewa dakika 7 na nusu katika divelopa ya ID-11 isiyoongezwa maji, ikiwa dawa ina nyuzi 20. Kwa kila nyuzi moja inayoongezeka muda huo hupaswa kupunguzwa kwa takriban sehemu moja ya kumi, hata ikifika nyuzi 24 zinabaki dakika 5 tu. Asiyepunguza muda hupata negativu nzito zenye weusi uliopitiliza, ambazo karatasi haiwezi kuzifuata, naye hulaumu kamera. Anayepunguza muda bila kufikiri hukumbana na kosa jingine, kwa sababu chini ya dakika 5 dawa haipati nafasi ya kuenea sawasawa juu ya filamu, na picha hutoka na mabaka, hasa kwenye sehemu za anga.

Suluhisho lipo, tena ni la bei nafuu: dawa huongezwa maji. ID-11 iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji huhitaji dakika 13 kwa nyuzi 20, takriban dakika 9 kwa nyuzi 24 na takriban dakika 7 kwa nyuzi 26, muda ambao bado unamwezesha msafishaji kumimina, kutikisa na kumwaga bila haraka. Kipimajoto kizuri kwa hiyo kina thamani kuliko jokofu, jambo ambalo wanaoanza hulikubali kwa shida.

Badala yake wengi hukimbilia barafu. Vipande vya barafu hutumbukizwa moja kwa moja ndani ya divelopa, vikayeyuka na kuidhoofisha kwa kiasi kisichojulikana. Au divelopa hupozwa kwa uangalifu mkubwa hadi nyuzi 20, kisha filamu hiyohiyo hutolewa na kuingizwa kwenye fiksa yenye nyuzi 29 na kuoshwa kwa maji ya bomba yenye joto kama hilo. Jelatini hufura inapolowa, na mabadiliko ya ghafla ya joto huweza kuifanya ijikunje na kupasukapasuka, ikaacha mtandao wa nyufa ndogondogo mfano wa tope la bwawa lililokauka. Filamu za sasa zina utando mgumu unaostahimili zaidi kuliko zile za zamani, lakini hata pale nyufa zisipoonekana, chembe hukusanyika na picha hutoka na mchanga mwingi. Chombo kinachofaa ni beseni pana la maji ambamo chupa za dawa zote, pamoja na maji ya kuoshea, huwekwa pamoja kwa nusu saa au zaidi hadi zilingane joto. Chupa ya maji yaliyogandishwa ikitumika, ielee ndani ya beseni, nje ya dawa. Ni afadhali hatua zote zifanyike kwa nyuzi 26 kuliko hatua moja kufanyika kwa 20 na nyingine kwa 29.

Tatizo la joto ni la zamani katika eneo lenyewe. Mwaka 1860 wapelelezi wa Uingereza John Hanning Speke na James Augustus Grant walitoka pwani ya Bagamoyo na kupita Uzaramo, wakilifuata bonde la Mto Kingani, ambao leo hujulikana zaidi kama Ruvu, mto uleule unaowapa maji wakazi wa Kibaha. Grant ndiye aliyekuwa na kamera, na picha za wakati huo zilipigwa juu ya vioo ambavyo mpigapicha alilazimika kuvipaka dawa na kuvisafisha mwenyewe papo hapo, ndani ya hema dogo lililozibwa mwanga. Walipofika Zungomero, katika nchi ya Ukhutu upande wa Morogoro, Speke aliirudisha kamera Zanzibar, na katika kitabu chake cha mwaka 1863 alieleza kwamba kama angemwacha mwenzake aendelee, joto la hema lile lingemuua mapema. Sehemu iliyobaki ya safari Grant aliichora kwa mkono.

Baadaye wenye viwanda walitafuta dawa za nchi za joto. Kodak ilitoa fomula ya divelopa iitwayo DK-15, ambayo huwekwa salfeti ya sodiamu ili kuizuia jelatini isifure kupita kiasi, na fiksa nyingi za zamani zilitiwa shabu, ileile inayouzwa sokoni na kutumiwa kutuliza maji ya tope, kwa kuwa hukaza utando wa filamu. Wapigapicha wa pwani walifanya kazi katika mazingira hayo kwa miongo mingi. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, na picha zake za arusi, za familia na za mitaa ya Mji Mkongwe ni ushahidi wa kutosha kwamba joto la pwani si kizuizi kwa mtu anayelipima.

Fukuto huleta shida hata kabla ya dawa kumiminwa. Filamu huviringwa gizani kwenye rili, yaani gurudumu lenye mifereji linaloitenganisha mizunguko isigusane, kisha hufungiwa ndani ya tangi lisilopitisha mwanga. Mikono yenye jasho, au rili ya plastiki ambayo haijakauka tangu kazi iliyopita, huifanya filamu ikwame katikati, na anayeisukuma kwa nguvu huikunja na kuacha alama nyeusi zenye umbo la hilali. Mizunguko miwili ikigusana, dawa haifiki hapo, na picha moja au mbili hupotea kabisa. Saa za alfajiri, kabla jua halijapasha bati, ndizo zinazofaa kwa kazi hii, na kila anayeanza hana budi kujizoeza kwanza kwa filamu iliyoharibika, macho yakiwa wazi, kisha akiwa ameyafumba.

Kuhusu giza lenyewe, wapo wanaodhani kwamba taa nyekundu inayoonekana katika sinema inafaa kwa hatua zote. Filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe huona rangi zote, nyekundu ikiwamo, hivyo huviringwa katika giza totoro. Ni karatasi ya kuchapia pekee inayovumilia taa hiyo. Nyumba nyingi zina matundu ya hewa juu ya madirisha na mwanya kati ya ukuta na paa, na macho huchukua dakika kadhaa kuzoea giza kabla ya kuviona vimwanga vinavyopenya. Anayeingia na kuanza kazi papo hapo huona giza ambalo halipo, na filamu yake huungua.

Kutikisa tangi hakuhitaji maneno mengi. Tangi hupinduliwa mara nne katika sekunde 10 za mwanzo wa kila dakika, kisha hugongwa mezani ili viputo vya hewa viachie filamu. Asiyetikisa hupata michirizi, na anayetikisa bila kupumzika huongeza weusi kuliko alivyokusudia.

Fiksa inastahili kuangaliwa kwa karibu zaidi, kwa maana ndiyo dawa inayodanganya kuliko zote. Rangi yake haibadiliki sana inapochoka, na negativu iliyopita kwenye fiksa iliyochoka huweza kuonekana nzuri siku ya kwanza, kisha ikaanza kugeuka manjano au kahawia baada ya miezi. Kipimo chake ni rahisi: kipande cha ncha ya filamu iliyokatwa wakati wa kuviringa hutumbukizwa kwenye fiksa mwangani, na muda unaotumika hadi weupe wake wa maziwa uondoke na plastiki ibaki angavu huhesabiwa kwa saa. Filamu halisi huachwa humo kwa muda maradufu wa huo, na pindi muda wa kung'aa unapokuwa mara mbili ya ule wa fiksa mpya, dawa hiyo imekwisha kazi.

Maji ndiyo yanayozitofautisha Kibaha na Kisarawe na vitabu vya ughaibuni kwa namna iliyo wazi zaidi. Kibaha inahudumiwa kutoka Ruvu Juu, ambako mtambo upo Mlandizi, na Kisarawe, mji wa vilimani uliotaabika kwa uhaba wa maji kwa muda mrefu, ulifikiwa na mradi mkubwa wa bomba kutoka Kibamba mwaka 2020. Hata hivyo siku za mgao bado zipo, na wengi hutegemea visima, maji ya kununua kwa madumu au ya mvua yaliyokingwa kwenye bati. Maelekezo yanayotaka filamu ioshwe kwa maji yanayotiririka hayana nafasi hapa, na wanaolazimika kubana maji huishia kuosha nusunusu. Ilford ilipendekeza njia inayotosha: tangi hujazwa maji na kupinduliwa mara 5, humwagwa na kujazwa tena likapinduliwa mara 10, kisha mara ya tatu likapinduliwa mara 20. Kwa tangi la filamu moja jumla haifiki hata lita moja.

Maji yenye chembechembe za tope huchujwa kwa kitambaa kizito kabla ya kugusa filamu, kwani jelatini iliyolowa ni laini na chembe ya mchanga ikinasa humo haitoki. Maji ya kisima yenye chumvi huacha madoa meupe yakikauka, kwa hiyo suuzo la mwisho hufanywa kwa maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta kama maji ya betri, yakitiwa tone moja la sabuni ya maji. Lebo isomwe kwa makini, maana asidi ya betri nayo huuzwa kwenye rafu hizohizo. Filamu ianikwe bafuni baada ya kumwagia maji sakafuni ili vumbi litulie, wala isiachwe kuning'inia siku nzima, kwa kuwa jelatini hutengenezwa kwa mifupa na ngozi za ng'ombe, na mende wanalijua hilo.

Upande wa karatasi, balbu ya kawaida iliyopakwa rangi nyekundu ndiyo chanzo kikuu cha picha zenye weupe wa kijivu. Ili kuipima taa, karatasi hupewa kwanza mwanga kidogo unaoipa kijivu hafifu, sarafu ikawekwa juu yake, na baada ya dakika 5 chini ya taa nyekundu karatasi ikasafishwa. Duara la sarafu likionekana, taa hiyo haifai. Kosa la pili ni kuitoa karatasi kwenye divelopa mapema kwa sababu inaonekana inazidi kuwa nyeusi. Taa nyekundu huifanya picha ionekane imekolea kuliko ilivyo, na iliyotolewa kabla ya dakika yake kutimia hubaki na weusi wa matope. Kinachopaswa kupunguzwa ni sekunde za mwanga kwenye enlaja, mashine inayoikuza negativu juu ya karatasi. Umeme nao huchangia: volti zikishuka kwa asilimia 10, mwanga wa balbu ya nyuzi hupungua kwa takriban asilimia 30, na kipande cha majaribio kilichochapwa saa kumi alasiri hakiwezi kuongoza picha ya saa mbili usiku, wakati kila nyumba imewasha taa. Stabilaiza ndogo ya aina inayotumiwa kwa friji huondoa sehemu kubwa ya tatizo hili.

Dawa zilizobaki huhifadhiwa kwenye chupa zilizojazwa hadi shingoni, kwani hewa huiua divelopa, na katika joto hili huiua haraka. Chupa za soda zinafaa kwa kuwa huweza kubinywa hadi hewa itoke, lakini sharti zibanduliwe lebo, ziandikwe jina la dawa kwa herufi kubwa na kuwekwa mahali ambapo mtoto hafiki. Fiksa iliyotumika ina fedha iliyoyeyuka, ambayo ni sumu kwa viumbe wa majini, kwa hiyo haimwagwi karibu na kisima wala kwenye mfereji wa mvua. Ikiachwa siku mbili kwenye ndoo ya plastiki pamoja na sufi ya chuma ya kusugulia sufuria, sehemu kubwa ya fedha hiyo huganda kwenye chuma na kutua chini kama tope jeusi.