Bendi Ikigawanyika, Jina Humfuata Nani?

Jumamosi usiku, kuanzia Ruiru hadi Thika mjini, baa nyingi hutegemea mwanamuziki mmoja tu. Ana gita la umeme, maikrofoni, na kinanda alichokipangia mdundo tangu mchana. Akipiga mugithi, wateja hushikana mabega wakazunguka meza kwa msururu. Saa sita ikipita, wenye umri wao huanza kudai zilizopendwa, naye huingia kwenye "Sina Makosa". Gumba linashughulikia besi, vidole vilivyobaki vinahangaika kufanya kazi ya magita mawili. Ukumbi mzima unaimba, wakiwemo waliozaliwa baada ya wengi wa wanabendi wenyewe kuzikwa. Ukiuliza ni wimbo wa nani, mmoja atasema Simba Wanyika, mwingine Les Wanyika, wa tatu atasema Wanyika, basi, kwani kuna tofauti gani?

Tofauti ipo. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walipita Jamhuri Jazz ya kwao kabla ya kwenda Arusha, ambako 1970 waliunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata walivuka mpaka hadi Mombasa na kuanza kujiita Simba Wanyika. 1975 wakahamia Nairobi, kwenye studio na wenye kampuni za santuri. Rumba yao ilikuwa ya taratibu, Kiswahili chake cha pwani kiliwafikia watu wa kila kabila, na kazi kubwa ilifanywa na magita.

Hayo magita ndiyo yanayoeleza mkasa wa baadaye. Santuri ndogo ya enzi ile ilikuwa na pande mbili, na wimbo mmoja mara nyingi ulizijaza zote. Upande wa kwanza ulibeba kisa. Ukiigeuza, magita yanachukua usukani na waimbaji wanabaki kuitikia. Solo ndiyo inayosikika hata na asiyejua muziki. Lakini sikiliza gita la rithimu, lile linalorudia mstari mmoja mfupi bila kuchoka, likijibizana na besi. Likisimama, wachezaji nao wanasimama. Kwa hiyo mpiga rithimu katika bendi kama hii si msaidizi wa mtu.

Mnamo Novemba 1978 aliyeondoka alikuwa mpiga rithimu, Omar Shabani, aliyeitwa Profesa. Aliondoka pamoja na mpiga besi Tommy Malanga na mpiga ngoma Rashid Juma, wakajiunga na waimbaji John Ngereza na Issa Juma. Wangeweza kubuni jina jipya kabisa. Wakajiita Les Wanyika. Nadhani walijua walichokuwa wakifanya: mwenye duka la santuri Thika hakuwa na nafasi ya kumweleza kila mteja nani kakosana na nani. Jina lilimwambia mteja sauti atakayoipata, na sauti hiyo sehemu kubwa walikuwa wameondoka nayo. "Sina Makosa", kisa cha mtu anayejitetea mbele ya mwanamume aliyemkasirikia kwa sababu ya mwanamke, ikawafanya wakubwa kuliko walikotoka, angalau kwa wimbo mmoja.

Halafu mchezo ukaendelea. George mwenyewe alijitenga 1980 na Orchestra Jobiso yake, kisha akarudi kwa kaka yake. Issa Juma naye aliwaacha Les Wanyika akawa na Super Wanyika yake. Usimshangae mteja wa Ruiru anayeyachanganya majina haya, yalitengenezwa yachanganyike.

Hapa inafaa kutazama mbali kidogo, Hannover, Ujerumani. Rudolf Schenker alianzisha bendi ya roki ya Scorpions mwaka 1965, naye ni mpiga rithimu. Mdogo wake Michael, fundi wa solo, alihamia bendi ya Uingereza, UFO, mwaka 1973. Aliyeshika nafasi hiyo baadaye, Uli Jon Roth, akaondoka mwaka uleule wa 1978, akaingia Matthias Jabs. Wapiga ngoma na besi wamebadilishwa mara kadhaa. Lakini Schenker hakwenda popote, na sauti ya Klaus Meine imekuwepo tangu mwanzo wa miaka ya 1970. Mwaka 2025 walitimiza miaka 60. Hannover solo ziliondoka na rithimu ikabaki na jina. Nairobi rithimu iliondoka, na nusu ya jina ikaifuata.

Hata hivyo Simba Wanyika hawakuanguka. Waliendelea miaka mingine zaidi ya kumi na kufika hadi Ulaya kwa maonyesho, kwa sababu ndugu wale wawili walibaki na sauti zao na utunzi wao. Mpiga rithimu mwingine anaweza kufundishwa mstari. Mtunzi hafundishwi.

Jirani na Thika kuna mfano wa aina nyingine. Kakai Kilonzo, aliyezaliwa 1954, aliongoza Kilimambogo Brothers, bendi iliyobeba jina la mlima unaoonekana kutoka mjini. Benga yake ilivuka Ukambani kwa sababu aliimba pia kwa Kiswahili. Lakini bendi ilikuwa yeye. Alipofariki 1987, haikupata tena kimo kile.

Kwa akina Wanyika vifo vilifuatana. George alifariki 1992, Wilson 1995, na Simba Wanyika ikaisha. Omar Shabani akafariki 1998, na Ngereza hakukawia kumfuata. Warithi hawakuwa wameandaliwa, wala sioni wangeandaliwa kwa pesa gani. Bendi nyingi za Nairobi ziliishi kwa malipo ya ukumbini, wiki hadi wiki, na watu wanane jukwaani ni midomo minane. Mwenye baa wa leo ameipiga hesabu hiyo mapema, ndiyo maana anamwita mtu mmoja mwenye kinanda.

Sheria nayo haiangalii jina la bendi, inagawanya haki za wimbo kwa namna yake. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, wimbo ukipigwa upya ukumbini, haki inayoguswa ni ya mtunzi. Mpiga besi na mpiga ngoma wana haki zao kwenye ile rekodi ya zamani, si kwenye vidole vya mtu mwingine anayeuiga usiku wa Jumamosi. Ulinzi wa utunzi hudumu miaka 50 baada ya mwaka wa kifo. Kwa nyimbo za Wilson Kinyonga, basi, warithi wake, kama haki hizo hazikuuzwa, wanaweza kudai hadi mwisho wa 2045, na baa za Ruiru zinazopigisha nyimbo hizo zinadaiwa hadi wakati huo.