DJ Ndani ya Tufe: Mashabiki Walilipia Nini?

Waliokata tiketi za ziara ya DJ Shadow mwaka 2010 na 2011 walikuta jukwaani tufe kubwa jeupe. Mwenyewe alikuwa ndani yake. Picha zilirushwa juu ya tufe na juu ya pazia la nyuma, mara likaonekana kama sayari inayoelea, mara likawa kitu kingine kabisa, huku midundo ikitikisa ukumbi. Kuna wakati tufe lilizunguka, upande ulio wazi ukaelekea kwa watu, wakamwona jamaa amesimama na kofia yake, mikono ikihangaika na mitambo. Kisha likazunguka tena, akapotea.

Mashabiki wakagawanyika papo hapo. Wapo waliotoka wakiapa kwamba hawajapata kuona shoo ya DJ iliyofikiriwa namna ile. Wapo waliouliza swali la mtu aliyetoa pesa yake mfukoni: tutajuaje kama kweli alikuwa anapiga, na si muziki umeachiwa ujiendeshe huku bwana mkubwa anakunywa soda humo ndani?

Swali hilo limemfuata Shadow kwa zaidi ya miaka 20, na kwa maoni yangu si swali la chuki. Ubishi juu ya shoo zake hauhusu sana kama ana kipaji. Kipaji chake hakuna anayekibishia. Watu wanabishana juu ya walichokilipia mlangoni.

Tuanze na mtu mwenyewe. DJ Shadow, jina lake halisi Joshua Davis, alizaliwa California mwaka 1972, akakua akikusanya santuri wakati wenzake wakikusanya vitu vingine. Mwaka 1996 kampuni ya Mo' Wax ya Uingereza ilitoa albamu yake ya kwanza, Endtroducing, ambayo baadaye iliingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness kama albamu ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa vipande vya santuri za watu wengine. Vifaa vyake vilikuwa vichache: mashine ya kuchezea santuri, mashine ya kukata na kupanga sauti iitwayo Akai MPC60, na kinasa sauti. Malighafi aliitafuta madukani. Filamu ya Scratch ya mwaka 2001 inamwonyesha katika chumba cha chini ya duka moja la Sacramento, amekaa katikati ya milundo ya santuri iliyofika juu, vumbi tupu, nafasi ya kupita ni ya mtu mmoja tena kwa ubavu. Anaongea taratibu, kwa heshima, kama mtu aliye makaburini.

Sasa fikiria ugumu wake. Bendi ikienda ziara inapiga kile ilichokipiga studio. Mpiga gitaa ni yule yule, na gitaa analo. Lakini nyimbo za Endtroducing hazikupigwa na mtu yeyote. Ngoma zimetoka kwenye santuri hii, besi kwenye ile, sauti ya mtu anayeongea imechukuliwa sehemu ya tatu, na waliozipiga hawakuwahi kukaa chumba kimoja. Ni kazi ya miezi, ya mtu mmoja na usiku wake. Ukimweka mtu huyo jukwaani mbele ya maelfu na kumwambia "haya, tupigie", unamwomba kitu ambacho hakijawahi kutokea hata siku moja mbele ya macho ya watu.

Na hadhira ya hip-hop si hadhira ya kubabaishwa. Utamaduni huu ulianzia kwa DJ, si kwa mwimbaji. Tarehe 11 Agosti 1973, katika jengo namba 1520 la barabara ya Sedgwick huko Bronx, New York, kijana mzaliwa wa Jamaika aliyeitwa Clive Campbell, maarufu kama Kool Herc, alipiga muziki kwenye sherehe ya dada yake, na tarehe hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa hip-hop. Aligundua kwamba watu walikuwa wakisubiri kile kipande ambacho ngoma zinabaki peke yake, akawa anakirudia kwa kutumia santuri mbili. Grandmaster Flash akaja akakifanya hicho kitu kwa usahihi wa fundi saa. Aliichora santuri kwa chaki ya rangi, ili akitazama ule mstari ukizunguka ajue kipande kinaanzia wapi, arudishe santuri mizunguko kadhaa kwa kidole na kuiachia pale pale bila mdundo kuyumba. Naye Grand Wizzard Theodore, akiwa bado kijana mdogo, akatuletea ule mkwaruzo tunaouita skrachi. Watu waliolelewa na simulizi hizo wakiingia ukumbini hutafuta kwanza mikono ya DJ iko wapi. Wakinyimwa kuiona wanahisi wamenyimwa sherehe yenyewe.

Shadow analijua hilo kuliko yeyote, na ndiyo maana historia yake ya jukwaani ni ya mtu anayebadilisha jibu kila baada ya miaka michache. Ziara ya albamu ya The Private Press ya mwaka 2002 ilimfikisha Brixton Academy, London, na shoo ile ikatolewa kama filamu mwaka 2004 kwa jina In Tune and on Time. Pale hakuzipiga nyimbo zake kama zilivyo kwenye albamu. Alizivunja, akachukua ngoma za wimbo mmoja na kuzivisha kinanda cha mwingine, akaunganisha kazi za miaka mbalimbali mpaka zikawa mkondo mmoja. Mashabiki wengi wanaitaja hadi leo kama kipimo. Lakini hata hapo walikuwepo walionung'unika: huu wimbo naupenda, kwa nini umeukata katikati? Mtu ameishi na albamu kwenye hedifoni kwa miaka sita, anajua kila mkwaruzo wake. Akisikia imebadilishwa, moyo unamwuma kana kwamba amehamishiwa fenicha nyumbani kwake.

Wimbo unaoonyesha vizuri jambo hili ni Organ Donor. Kwenye albamu hauzidi dakika mbili. Ni kinanda kimoja kinachopanda na kushuka, ngoma nyuma yake, basi. Jukwaani ndio unaopandisha watu wazimu, na Shadow amekuwa akiurefusha, akiubadilishia ngoma, wakati mwingine akizipiga yeye mwenyewe kwa vidole kwenye vibonyezo. Hapo ukumbi mzima huona mkono unashuka na sauti inatoka. Huwezi kusikia mtu akilalamika kwamba toleo hilo si la albamu. Kumbe wanaweza kusamehe mabadiliko, mradi wayaone yakifanyika.

Ndiyo siri ya shoo zake akiwa na rafiki yake Cut Chemist. Walianza mwaka 1999 na Brainfreeze, wakaendelea na Product Placement, na mwaka 2007 wakaja na The Hard Sell, iliyozinduliwa Hollywood Bowl, Los Angeles. Sheria yao ilikuwa moja: santuri ndogo tu, zile za inchi 7 zinazozunguka mara 45 kwa dakika. Kwa wasiozijua, hizi ni santuri za wimbo mmoja kila upande, nyepesi, zinazoteleza mkononi. Wimbo unakwisha ndani ya dakika tatu, kwa hiyo DJ hana nafasi hata ya kufuta jasho. Sindano ikiruka, imeruka mbele ya watu wote. Isitoshe, kwenye ukumbi mkubwa besi ya spika huitikisa meza, mtikisiko ukapita kwenye sindano ukarudi spika kama ngurumo, na mafundi hulazimika kuweka mawe au mifuko ya mchanga chini ya mashine ili kuutuliza. Kupiga saa nzima katika hali hiyo bila kuvuruga mdundo ni kazi ya jasho, na jasho lilionekana. Mwaka 2014 wawili hao walizunguka Marekani na Kanada wakipiga santuri za Afrika Bambaataa, mmoja wa waasisi wa hip-hop, kutoka mkusanyiko wa zaidi ya santuri 40,000 uliokabidhiwa Chuo Kikuu cha Cornell. Kompyuta hazikuwapo.

Kwenye shoo hizo hakuna aliyeuliza kama jamaa wanafanya kazi. Lawama zilitoka upande wa pili: aliyekuja kusikia nyimbo za Shadow aliambulia funk na soul za watu wa zamani ambao hajawahi kuwasikia. Mimi lawama hiyo siikubali. Shoo ilitangazwa wazi kuwa ni ya santuri. Aliyeingia akitegemea kingine alipaswa kusoma tangazo.

Yako magumu zaidi. Mwaka 2006 Shadow alitoa The Outsider, albamu yenye midundo ya hyphy, muziki wa fujo wa vijana wa eneo la San Francisco na Oakland, akiwashirikisha marapa kama Keak da Sneak na Turf Talk. Waliokuwa wakisubiri Endtroducing ya pili walichukia kupita kiasi. Mwenyewe alikuwa anapiga muziki wa mtaa wa kwao, jambo ambalo kwa mwanahip-hop yeyote si kosa. Waliomkasirikia wengi wao walikuwa watu wa mbali, waliompenda kwa sababu alionekana kuwa juu ya hip-hop, msanii wa kukaa kimya na kutafakari. Yeye hakuwahi kusema yuko juu yake. Hapo mashabiki walimkosea, na sioni haja ya kupindisha maneno.

Kisha likaja la Desemba 2012. Akiwa anapiga katika klabu moja ya anasa Miami, aliambiwa na wahusika aache, kwamba muziki wake ni wa mbele mno kwa watu waliokuwepo. DJ aliyekuwa na jina duniani akashushwa kabla ya muda wake. Waliolipia meza na shampeni walitaka nyimbo wanazozijua. Mtandaoni akawa shujaa usiku ule ule, na mwezi uliofuata aliitoa seti yenyewe, kwa jina All Basses Covered, kila mtu aisikilize na kuamua.

Nimeisikiliza. Ni midundo mizito, ya kukatikakatika, yenye besi nene, na haina upole kwa mtu aliyekuja kujirusha tu. Namwelewa mwenye klabu kwa nusu. Alijua kumwajiri mtu kwa jina lake bila kujua anapiga nini, na kosa hilo ni lake, si la DJ wala la wachezaji.

Turudi kwenye tufe. Tatizo la shoo za picha ni la kiufundi kabla ya kuwa la kisanii. Picha zikishafungamanishwa na mdundo, DJ amejifunga njia moja. Hawezi kuusoma ukumbi na kugeuza mwelekeo, kwa sababu sayari itatokea kwenye wimbo usio wake. Shabiki aliyefuata ziara miji miwili atapata shoo ile ile mara mbili. Hayo ni malipo ya haki kwa anayetaka uzuri wa macho, na Shadow aliufanya uzuri huo vizuri. Ila kumfungia DJ ndani, hata kwa sehemu ya shoo, ni kumnyima mtazamaji ushahidi wa kazi, na mashabiki waliolalamikia hilo walikuwa na haki yao.

Sisi huku mjadala huu tunaujua kwa jina jingine: plebeki. Msanii amepanda jukwaani, sauti inatoka kwenye spika, mdomo unakimbizana nayo, na watu waliotoa kiingilio wanaguna. Madj wetu nao sasa wanaingia kwenye mzani huo huo. Tangu kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala itoe mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka 2017, vijana wa singeli kutoka uswahilini Dar es Salaam wamepiga kwenye matamasha ya Ulaya kwa kompyuta ya mapajani na programu ya kuchanganyia muziki, kwa kasi inayopita mapigo 200 kwa dakika. Mzungu anayetazama akiwa amesimama mbali anaweza kudhani kijana anabonyeza kitufe tu. Aliyesogea karibu anaona vidole vinavyokata na kurudisha kipande kabla hujapepesa jicho.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa waandaaji wa shoo, wa Dar, Nairobi, Kampala na kwingineko. Mnapobandika bango, andikeni ni shoo ya namna gani: anakuja kupiga nyimbo zake mwenyewe, anakuja kuchanganya nyimbo za wengine, au anakuja na maonyesho ya picha. Halafu wekeni kamera moja juu ya meza ya DJ na skrini moja ukumbini, ili aliye nyuma kabisa aione ile mikono.