Balozi wa sayari 83 asiye na mlinzi hata mmoja

Stori za anga za mbali wengi tunazijua kwa vita, mwenye silaha kubwa ndiye mshindi. Leo nawaletea jamaa aliyetumwa sayari ya watu bila jeshi, bila mlinzi, bila hata karani.

Anaitwa Genly Ai, mtu mweusi kutoka hapa Duniani, kwenye riwaya ya The Left Hand of Darkness ya mama Ursula K. Le Guin wa Marekani (1929–2018). Ilitoka 1969 na kuzoa tuzo mbili kubwa, Hugo na Nebula. Angalizo: nataja mwisho!

Kazi ya Genly ni kuishawishi sayari ya Gethen, yenye baridi kali, ijiunge na Ekumen, umoja wa sayari 83. Safari ya nyota hadi nyota ni miaka mingi, kwa hiyo kutawala kwa mabavu hakuwezekani. Wanachobadilishana hasa ni maarifa, kwa chombo kiitwacho ansible kinachofikisha ujumbe papo hapo.

Sasa kwa nini aende peke yake? Fikiria hivi: mgeni mmoja akibisha hodi utamkaribisha. Wakija hamsini usiku, unafunga mlango na kutafuta panga. Ndiyo maana wenzake wamelazwa usingizi mzito ndani ya chombo huko angani, wakisubiri awaite.

Mfalme Argaven wa Karhide hakushawishika. Alipoonyeshwa ansible aliuliza: nini kinamfanya mtu awe msaliti? Jibu likaja kwamba hawajui. Mfalme akaona chombo hicho hakina faida. Kumbe alikuwa anaogopa: kati ya sayari 83, yeye ni nani?

Lakini kosa kubwa alilifanya balozi mwenyewe. Watu wa Gethen si wanaume wala wanawake, isipokuwa siku chache kila mwezi. (Le Guin alilaumiwa kwa kuwaita wote kwa kiwakilishi cha kiume. Kiswahili kina "yeye" tu, tatizo limekwisha!) Pia kwao kumpa mtu mzima ushauri waziwazi ni kumvunjia heshima. Sisi tuliolelewa kwa mafumbo tunawaelewa. Waziri Mkuu, Estraven, alimwonya Genly kwa fumbo, Genly akamwona mnafiki.

Akakimbilia nchi jirani ya Orgoreyn. Huko wakubwa walimchekea, wakampa chumba chenye joto. Baadaye wakamtupa kambi ya kazi ngumu.

Aliyekuja kumtoa ni nani? Estraven yule yule, aliyekuwa amefukuzwa nchini kwake kwa ajili ya mpango huu. Wakavuka barafu zaidi ya kilomita 1,000 wakivuta sleji, siku 80 hivi. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Estraven alipigwa risasi mpakani akafa. Genly alikuwa amemwahidi kwamba hataita chombo kitue kabla jina lake halijasafishwa. Mfalme alipokubali kuwapokea wageni, Genly hakulisimamia sharti hilo. Chombo kikatua na Gethen ikajiunga, lakini ahadi kwa rafiki ikavunjika.

Hapo ndipo utamu na uchungu wa kitabu hiki: balozi amefaulu kazi, je, kama mtu amefaulu? Mimi naona angengoja. Wewe ungefanyaje? Tiririka hapo chini.