Mwenzio Anataka Gari Lipige Mabomu? Someni Hii Pamoja

Dada, kama mwenzio ni mtu wa Subaru, mengine sina haja ya kukueleza. Unajua kwamba Jumamosi yuko gereji, kwamba tairi zina bajeti yake, na kwamba mlio wa ekzosi unaweza kujadiliwa sebuleni saa nzima na wanaume wanne wenye digrii. Hayo nilishayazoea. Kilichonifanya niweke kikombe cha chai chini ni pale baba watoto aliposema anataka kufunga antilagi kwenye Forester yetu. Forester ile ile inayopeleka watoto shule.

Sikusema hapana. Kwanza nilitaka kujua anachokililia ni nini.

Turbo ni feni mbili zilizoungwa kwenye mhimili mmoja. Moja inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, ya pili inasukuma hewa kuingia ndani. Hewa nyingi, mafuta mengi, nguvu nyingi. Sasa ukiachia mafuta, moshi unapungua na feni zinapunguza mwendo. Ukikanyaga tena lazima usubiri zichanganye, na kusubiri huko ndiko wanakokuita lagi. Kwetu Dodoma kunauma zaidi, maana tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 12 kuliko Dar. Kabla turbo haijachanganya, injini iko kama mtu ambaye hajanywa chai. Toka Makutupora uelekee Kondoa, ukute Fuso limejaa magunia mbele yako. Unakanyaga, gari linawaza kwanza, halafu ndiyo linaruka. Mume wangu hakuwa anatunga. Hata mimi nikishika usukani nalisikia.

Antilagi inafuta kule kuwaza. Ukitoa mguu kwenye mafuta, hewa na petroli vinaendelea kuingia, lakini kompyuta ya gari inachelewesha cheche ya plagi. Mafuta yanawaka kwa kuchelewa kiasi kwamba moto unamalizikia nje ya silinda, kwenye bomba la moshi, na nguvu ya moto huo ndiyo inayozidi kuzungusha turbo. Ile pa-pa-pa mnayoisikia, pamoja na ulimi wa moto nyuma, ni petroli inayolipuka mahali ambapo haikupangiwa kulipukia.

Hapa kwetu ugonjwa huu una historia. Safari Rally ilianza 1953 ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Tommi Mäkinen akaishinda 1996 na Lancer Evolution, Colin McRae akaishinda 1997 na Impreza ya bluu. Vijana waliobandika picha za magari yale ukutani ndio baba watoto wa leo. Tuwe wapole nao kidogo jamani.

Lakini dereva wa rally ana kona kila baada ya sekunde chache, barabara imefungwa kwa ajili yake, na nyuma yake kuna mafundi wenye turbo ya akiba. Joto kwenye lile bomba linaweza kupita nyuzi 1,000. Kwao turbo ni kitu cha kubadilisha kama tairi. Kwetu turbo ni ada ya shule ya muhula.

Tulilizungumza jikoni, watoto wakiwa wamelala.

“Fundi kasema ni programu tu, mama. Anachomeka laptop, nusu saa kwisha.”

“Na breki je, baba?”

“Breki zinaingiaje hapo?”

Zinaingia, tena ndipo penyewe. Mguu wako haukandamizi breki peke yake. Kuna kopo kubwa nyuma ya pedeli linalokusaidia, na kopo hilo linategemea mvuto wa hewa unaotokea kwenye injini pale unapoachia mafuta. Antilagi inaacha njia ya hewa wazi, kwa hiyo mvuto unapungua. Ukikanyaga breki mara mbili tatu mfululizo, pedeli inaweza kuwa ngumu kama jiwe. Na injini nayo haikushikii tena gari unapoteremka. Magari mengi ya mashindano yametengenezewa breki zisizotegemea kopo hilo. Forester yetu haikutengenezewa hivyo. Nilimwambia ajione anateremka Bereku, gari limejaa watoto na mabegi ya sikukuu, pedeli imekaza. Alinyamaza muda.

Lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa 2018, na kusema kweli inashawishi. Inapita kwenye vijiji ambamo mwisho ni kilomita 50 kwa saa, mbuzi wakivuka wanavyotaka. Halafu kuna kiangazi. Kuanzia Juni majani ya pembeni ya barabara yamekauka kama karatasi, na huku Makutupora watu wanaishi kwa mashamba ya zabibu. Gari linalotema moto, au lililoegeshwa kwenye majani bomba likiwa bado limeiva, sitaki liwe letu.

Nikamwendea fundi mwingine, mzee aliyewahi kuhudumia magari ya mashindano. Nilimpa shikamoo, nikamweleza ile habari ya laptop na nusu saa. Akacheka. Mara nyingi, alisema, kinachouzwa kwa namna hiyo si antilagi hata kidogo. Ni milio tu: petroli kidogo inamwagwa unapoachia mafuta ili bomba lipasuke pasuke, na turbo haipati faida yoyote ya maana. Unabaki na joto, katalisti inayoyeyuka kama bado unayo, na majirani wenye watoto wachanga.

Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: hiyo lagi yenu ilikuwa hivyo tangu mlinunue gari?

Haikuwa. Ilikuwa inazidi mwezi hadi mwezi. Mzee akajaza upepo kwenye mabomba ya turbo, akapaka maji ya sabuni, na povu likatokea kwenye mpira unaopeleka hewa kwenye intakula. Ulikuwa umepasuka chini, mahali pasipoonekana. Tukabadilisha mpira na kibano chake, oili tukaweka mpya, hesabu haikufika hata robo ya ile ya laptop. Akamkumbusha mume wangu jambo ambalo wenye gari la gia za mkono hulisahau: kabla ya kulipita lori, shusha gia, injini ifike mizunguko kama 3,000, turbo ikukute uko tayari.

Fuso bado tunalisubiri kidogo, lakini si kama zamani.

Habari ya mabomu hajaiacha moja kwa moja, namfahamu. Safari Rally ilirudi kwenye ubingwa wa dunia 2021, siku hizi inakimbizwa upande wa Naivasha. Kibubu tumeshakianza. Atasimama pembeni ya vumbi na kofia yake, azisikie turbo za watu wengine zikiungua.