Methanaiza na muda wa kukawia

methanaiza *nm* [i-/zi-] kifaa kinachobadili kaboni monoksidi na kaboni dioksidi kuwa methani ndani ya mtambo wa kromatografia ya gesi.

muda wa kukawia *nm* [u-/i-] kipindi kinachopita tangu sampuli inapoingizwa mtamboni hadi kilele cha dutu fulani kinapotokea kwenye kromatogramu.

Maelezo

Kigunduzi cha mwali huchoma sampuli katika mwali wa haidrojeni na kupima ayoni zinazozalishwa. Huhisi methani kwa wepesi, lakini kwa kaboni monoksidi na kaboni dioksidi ni kama kipofu. Methanaiza huondoa upofu huo. Ni mrija wenye nikeli, uliopashwa moto wa nyuzi 350 hadi 400 za Selsiasi, ambamo gesi hizo hukutana na haidrojeni zikawa methani na maji. Mmenyuko huo uligunduliwa nchini Ufaransa mwaka 1902 na Paul Sabatier na Jean-Baptiste Senderens.

Hapo huzuka swali: ikiwa gesi zote tatu hufika kwenye mwali zikiwa methani, mbona hazitokei kwa wakati mmoja? Jibu limo katika mahali pa kifaa. Methanaiza hufungwa baada ya safu ya utenganishaji na kabla ya kigunduzi. Gesi zinapoifikia zimekwisha kuachana. Wasafiri watatu wakipita langoni mmoja baada ya mwingine, kisha kila mmoja akavishwa kanzu nyeupe, kanzu hiyo haibadilishi saa ya kuwasili kwake. Kama methanaiza ingetangulia safu, zote tatu zingesafiri kama methani na kutoa kilele kimoja.

Basi mpangilio wa vilele huamuliwa na safu. Katika safu ya Porapak Q, kaboni monoksidi hutangulia, hufuata methani, kisha kaboni dioksidi. Katika safu ya chekecheo la molekuli, methani hutangulia kaboni monoksidi, nayo kaboni dioksidi hunaswa isitoke katika halijoto ya kawaida ya kazi.

Hata hivyo, mrija wa methanaiza una nafasi yake ya ndani, nayo huongeza ucheleweshaji mdogo kwa kila gesi. Kwa hiyo nyakati zilizopimwa kabla ya kukifunga kifaa hazifai kutumiwa baadaye. Hupimwa upya kwa gesi sanifu.

Kutambua hitilafu

Vilele vyote vikihama pamoja, chanzo hutafutwa katika mtiririko wa gesi chukuzi au halijoto ya safu. Vilele vya kaboni monoksidi na kaboni dioksidi vikipungua na kuburuta mkia ilhali kile cha methani kimesimama imara, nikeli ndiyo iliyodhoofika, mara nyingi kwa sumu ya salfa. Methani haihitaji kubadilishwa, ndiyo maana haiguswi.

Matumizi

Kilele huitwa kwa jina la gesi iliyotoka kwenye safu, si lile la gesi iliyoungua.

*Sahihi:* Kilele cha pili ni cha methani. Cha tatu ni cha kaboni dioksidi.
*Si sahihi:* Vilele vyote vitatu ni vya methani.

Kosa hilo si la maneno tu. Haidrojeni ya magari ya seli za fueli hairuhusiwi kuwa na kaboni monoksidi zaidi ya sehemu 0.2 katika milioni, kwa kuwa gesi hiyo huharibu kichocheo cha platini. Methani huvumiliwa kwa kiwango kikubwa zaidi. Anayebadilisha majina ya vilele huweza kupitisha mzigo uliopaswa kukataliwa.

Tanbihi

Kitenzi *kawia* kinafaa kuliko *baki*. Kinachobaki huenda kisiondoke. Kinachokawia hufika, ila kwa kuchelewa. Ndivyo zilivyo gesi ndani ya safu.